Barua Niliyoandika Kumsifu Winrose

Gari la maziwa lilikuwa limeshatoka Kibugu, sisi watatu mbele na mitungi nyuma, nilipoanza kutafuta sababu ya kushuka.

"Munyi, nisimamishie pale kwa daraja," nikamwambia dereva. "Nimesahau dawa zangu."

"Dawa gani, guka?" Winrose akaniuliza mimi babu yake. "Wewe hunywi dawa."

Munyi akacheka akaongeza mwendo. "Mzee anaogopa wazungu wa kompyuta."

"Si wazungu," nikamsahihisha. "Ni Wajapani."

"Wote wanatisha, bora waulize maswali."

Daraja likapita.

Nyinyi mnaonisoma gazetini kila Jumapili mnajua mimi si mtu wa kukaa. Mwaka jana niliwaeleza jinsi nilivyorudi kwa mke wangu Ciakuthii baada ya miaka ishirini na tisa ya kuzurura, tangu Gachoka nilikozaliwa, Mwea, Isiolo, Marsabit, mpaka Moyale nilikokuwa nikilinda yadi ya mbao. Nikasema nilisimama mlangoni pa nyumba yetu Kibugu, yeye akanitazama mpaka chai ikamwagika jikoni, kisha akafungua. Nikasema miguu yangu mwenyewe ndiyo iliyonileta.

Hapo niliwadanganya. Leo nitalipa.

Winrose ni mjukuu wetu, mtoto wa marehemu kijana wetu Njeru. Ciakuthii ndiye aliyemlea, kwa majani chai na maombi, mimi nikiwa huko barabarani. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu pale Embu, anasomea kilimo. Asubuhi hiyo alikuwa anaenda kuhojiwa kwa kompyuta na walimu wa chuo kimoja cha Japani. Wakimpenda, angesoma kwao mwaka mzima. Walioomba walikuwa thelathini na kitu. Waliobaki walikuwa wawili. Nafasi ilikuwa moja.

Na mimi nilikuwa nimeshaiharibu. Hakuna aliyejua ila mimi.

Ilianza Januari, jikoni, Winrose alipofungua simu akatusomea nchi tatu. Ujerumani, Afrika Kusini, Japani. Fomu iliruhusu kuchagua moja tu.

"Ujerumani ni baridi," Ciakuthii akasema.

"Cucu, hata hapa ni baridi," Winrose akamjibu bibi yake. "Julai unalala na sweta mbili."

"Hizo mbili nazijua. Za huko sizijui."

Mimi nikasema Afrika Kusini. "Kule hata mambo yakiharibika mtu anaweza kurudi kwa barabara."

"Huyu anafikiria barabara tu," Ciakuthii akasema, bila kunitazama.

Winrose alichagua Japani kwa sababu ya chai. Alisema wanaipanda kwenye miteremko kama yetu, na wanajua kuuponya udongo uliochoka. Miche ya Ciakuthii ilipandwa kabla ya Njeru kuzaliwa, na kila mwaka inatoa majani machache kuliko mwaka uliopita. Mtoto alitaka kujua kwa nini.

"Lakini wao wanakunywa bila maziwa," akasema. "Wala sukari."

Ciakuthii akaweka kikombe chini. "Ni wagonjwa?"

"Ndivyo walivyozoea, cucu."

"Basi nenda. Watu kama hao wanahitaji kusaidiwa."

Tukacheka wote. Ilikuwa siku nzuri, siikatai. Kisha Winrose akasema kuna barua inayotakiwa kutoka nyumbani. Mlezi aandike kwa mkono wake, lugha yoyote, aeleze huyu mtoto ni mtu wa namna gani na kama ataweza kuishi mbali peke yake. Bahasha ifungwe, mwombaji asiisome.

Ciakuthii hakwenda shule. Mimi nilisoma vipande vipande. Darasa la tatu Gachoka, nikatoroka. La tano Isiolo, nikafukuzwa. Yaliyobaki nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama. Kalamu ya nyumba hiyo nilikuwa mimi.

"Guka," Winrose akaniambia, "hawa hawatafuti malaika. Wanataka kujua kama nitajitegemea. Wewe andika ukweli tu."

Nikaandika hivi. Naikumbuka yote:

"Winrose ni msichana wa nyumbani. Hana maneno mengi. Hajawahi kubishana na mkubwa. Akiambiwa kaa, anakaa. Tangu azaliwe hajalala nje ya nyumba yetu ila shuleni na bwenini. Hajui barabara. Nyumba yetu haiwezi kusimama bila yeye."

Mtu wa kwetu akiisoma hiyo atasema, huyo ni msichana wa dhahabu. Maneno hayo ndiyo wazee husema wageni wakija kuuliza habari za binti. Nimeyasema mimi mwenyewe, nikiwa nimeketi na wazee wenzangu kwa ajili ya mabinti wa jirani, na watu wakapiga makofi.

Lakini siwezi kujificha nyuma ya desturi. Nimefanya kazi kwa watu wa kila aina. Nilijua kabisa kwamba hao walimu hawaji kuoa. Nilijua wakisoma "akiambiwa kaa, anakaa," watasema basi akae.

Niliandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, kama Winrose angeondoka, nilijua nami ningeondoka. Mtoto huyo ndiye kigingi nilichofungiwa. Ya pili, ukweli wa Winrose ulikuwa pia ukweli wangu, na huo nilikuwa nimeuzika.

Tulishuka Embu saa tatu. Pale stendi kijana alikuwa anaita, "Isiolo, Isiolo, mmoja!" Miguu yangu ikageuka yenyewe. Winrose akanishika mkono wa koti, akadhani nimepotea.

"Ni huku, guka."

"Wewe nenda. Mimi nitakusubiri hapa."

"Wamesema mlezi awepo. Wanataka kukusalimia."

Mpango huo unasimamiwa na mwalimu anayeitwa Daktari Kagwiria, mama wa Meru, mfupi, anayetembea kama anayechelewa. Alitukuta kwenye veranda. Yule mshindani wa Winrose alikuwa ndiyo anatoka. Anaitwa Adrian, mtoto wa mjini, viatu vyeupe kabisa.

"Sasa Win," akasema. "Wako poa. Wameniuliza kama najua kujipikia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema tangu form one."

"Wewe? Si hata mayai unaunguza."

"Sikusema yanaiva." Akanigeukia. "Mzee, shikamoo. Na wewe unaenda Japani?"

"Naenda mbali zaidi," nikamwambia. Hakujua kwamba bado nilikuwa nawaza lile gari la Isiolo.

Tukaingia. Chumba kilikuwa na meza, kompyuta moja na viti vinne. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kwenye skrini alikuwepo mama mwenye miwani, na mzee mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akiandika muda wote. Kwao ilikuwa tayari jioni. Waliuliza kwa Kiingereza, na Daktari Kagwiria akanitafsiria ili nisikae kama gunia.

Winrose alijibu vizuri. Udongo, mbolea, ugonjwa wa mizizi. Yule mzee mwenye nywele nyeupe akaacha kuandika, akasikiliza. Nilimwona Kagwiria akitabasamu.

Kisha yule mama akachukua karatasi.

"Wanasema wametafsiri barua ya babu," Kagwiria akasema, na tabasamu likaanza kumtoka. "Babu anaandika kwamba hujawahi kulala nje ya nyumba yenu ila shuleni. Kwamba hujui barabara. Wanauliza, ni kweli?"

Winrose akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia asiyoijua.

Mimi nikatazama kiatu changu.

"Ni kama guka alivyoandika," akasema.

"Winrose, unaelewa unachojibu?"

"Ndiyo, daktari."

"Wanauliza tena. Hapa imeandikwa, akiambiwa kaa, anakaa. Wanataka kujua, kule kwao ni nani atakayekuambia la kufanya?"

Kagwiria akamwinamia Winrose.

"Jibu, msichana. Kama barua imekosea, sema."

"Daktari, huyu ni guka wangu na ameketi hapa. Siwezi kumwita mwongo mbele ya watu."

Akasema hivyo kwa Kiswahili, sauti ya chini. Kagwiria hakuyatafsiri maneno hayo. Yule mama wa miwani akafunga karatasi. Niliona mkono wake ukienda kwenye kitufe.

Nimekimbia mengi maishani. Nimekimbia askari, wenye madeni, wanawake wawili na simba mmoja. Siku hiyo nikasimama.

"Mwalimu, mwambie huyo mama asizime. Mimi ndiye mwongo."

"Mzee, keti kwanza."

"Nikiketi sitasema. Mwambie."

Nikasema. Miaka minne iliyopita, Winrose akiwa form three, siku moja nilipiga simu nyumbani nikitumia simu ya mwenye kibanda cha chai Moyale. Winrose akapokea. Nikasikia sauti ya mtoto, nikanyamaza, nikakata. Yeye akahifadhi ile namba, baadaye akampigia mwenye kibanda na kuulizia habari zangu. Likizo ilipofika akamwambia cucu yake anaenda kambi ya vijana wa kanisa. Hakwenda kambi. Alipanda gari la Isiolo.

Alilala Isiolo kwa mama muuza mboga. Marsabit akalala misheni. Siku ya tatu akasimama mbele ya yadi yangu ya mbao, nguo zote vumbi, akaniuliza, "Wewe ndiye Njagi wa Kibugu?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Una masikio ya baba yangu."

Nikamfukuza. Hakwenda.

"Sikuja kukubembeleza," akaniambia. "Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nitalala kwa huyu mwenye kibanda. Kesho usipopanda, nitalala tena."

Nikapanda. Njia nzima alibishana nami. Alibishana na kondakta, akabishana na askari wa kizuizi aliyetaka kunishusha kwa kukosa kitambulisho. Tulipofika njia ya Kibugu akanisukuma mbele.

"Tangulia peke yako," akasema. "Cucu akuone umekuja mwenyewe. Mimi nitafika kesho, kutoka kambini."

Ndivyo nilivyorudi nyumbani. Ciakuthii akafungua mlango. Jumapili hiyo akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba mume wake amerudi kwa hiari yake. Watu wakaimba. Mimi nikaimba pia.

Daktari Kagwiria alitafsiri yote. Winrose alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Yule mzee wa nywele nyeupe akasema maneno machache.

"Anauliza," Kagwiria akasema, "uwongo ni ule wa barua, au ni huu wa sasa?"

"Wa barua."

"Anauliza, kwa nini amwamini mtu ambaye amekubali kwamba alidanganya?"

Wasomaji, swali hilo ninalo mpaka leo.

Yule mama akasema asante, wakainama wote wawili, skrini ikawa nyeusi.

Nje Winrose hakusubiri tufike mbali. "Nani alikwambia utaje Moyale?"

"Nilikuwa nakuokoa."

"Ungesema tu kwamba barua ilikosea! Ungesema uliandika vile wazee huandika! Guka, sasa cucu atajua."

"Nani atamwambia?"

Akanionyesha kwa kidevu. Chini ya lile dirisha lililokuwa wazi, kwenye benchi la veranda, alikuwa ameketi Munyi, na gazeti alilolishika kichwa chini. Alikuwa amekuja kutuchukua mapema.

"Mimi sikusikia kitu," Munyi akasema. "Hasa hiyo ya Marsabit sikuisikia kabisa."

Mitungi ya maziwa ina vituo kumi na kimoja kutoka Embu hadi Kibugu, na kila kituo Munyi alishuka kuongea, habari ikatutangulia nyumbani kwa simu.

Tulipofika, Ciakuthii alikuwa akimenya nduma nje. Hakuinua kichwa. Mke wangu huniita Baba Njeru. Siku hiyo aliniita kwa jina.

"Njagi. Ulikuja mwenyewe?"

"Hapana."

"Uliletwa?"

"Nililetwa."

Akamenya nduma nyingine, polepole, mpaka ikaisha. "Nilisimama mbele ya kanisa lote."

"Labda ni Mungu aliyemtuma Winrose."

"Usimsingizie Mungu kazi ya mtoto."

Akamgeukia Winrose. Nilidhani atamchapa, mkubwa alivyo.

"Marsabit ulikula nini?"

"Maharage, cucu. Na chapati."

"Nani alikupa?"

"Sista mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Sikuuliza."

"Mtu anakulisha na huulizi jina." Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yatoke. "Siku nne nilikuombea ukiwa kambini. Siku nne naomba mahali ambapo hupo."

Winrose akapiga magoti pale kwenye maganda. Mimi sikuwa na mahali pa kusimama. Nikaenda kuangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Usiku wa siku hiyo nilikuta blanketi langu limekunjwa vizuri, limewekwa stoo, juu ya magunia ya mbolea.

Baada ya siku nane Daktari Kagwiria akapiga simu. Wale walimu hawajaamua. Wamesema kati ya Winrose na Adrian bado hawajui, na wanataka barua nyingine kutoka nyumba yetu. Iandikwe na mtu mwingine, asiwe mimi. Siku saba.

Mtu mwingine alikuwa mmoja tu.

"Sema, cucu, mimi niandike," Winrose akamwambia.

"Wewe ndiye unayesemwa. Huwezi kujiandika."

"Mimi ninaweza kuandika tu, bila kuongeza," nikasema.

Ciakuthii alinitazama kwa jicho kali, nikarudi kwa ng'ombe wangu.

Kesho yake akavaa kitambaa cha Jumapili, na ilikuwa Jumatano, akateremka kanisani kwa Cicily, karani wa ofisi ya mchungaji. Wakafunga mlango. Watu waliokuwa wakipalilia ua wanasema waliongea zaidi ya saa moja. Wanasema mara moja walisikia kicheko. Cicily ni mtu ambaye ukimwambia siri saa nne, saa sita unaisikia sokoni. Safari hii hajasema kitu. Nimempelekea ndizi. Amekula ndizi, hajasema.

Sasa mambo yamesimama hivi.

Adrian bado anasubiri. Ameshanunua jaketi kubwa na anaivaa Embu kwenye jua.

Munyi anaendelea kubeba maziwa. Ciakuthii hampi tena chai, anampa maziwa tu na kumhesabia lita.

Daktari Kagwiria alikuja Kibugu Jumamosi moja, akatembea kwenye majani chai, akasema udongo kweli umechoka. Hakuuliza habari zangu.

Winrose yuko bwenini. Jumamosi huja kuchuma majani. Huniambia habari za mvua na bei ya mbolea, na akiondoka huniaga kwa heshima yote, kama mtu anayemuaga chifu.

Mimi nalala stoo. Sijaondoka. Mara mbili nimefika barabarani na mara mbili nimerudi, na safari hizo mbili hakuna aliyenileta, wala hakuna aliyeniona.

Barua ya Ciakuthii imekwenda. Jibu litatoka tarehe ishirini na nane. Pamoja na barua hiyo kulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja iliyouliza ni watu wangapi wanaoishi katika nyumba ya mwombaji, na majina yao. Alimtajia Cicily, Cicily akajaza.

Nilimuuliza Ciakuthii alitaja wangapi, na kama nami nimo. Akaniambia ng'ombe hajanywa maji.